Ombi la Kurudishiwa Diski ya Dakika Ishirini na Tatu

Umoja wa Wafugaji wa Maziwa, Ukanda wa Juu,
Masama, Hai.
Jumanne.

Kumb. Na. UWM/KAT/41

Kwa Mwenyekiti wa Bodi.

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo uliyonipa Jumapili mlangoni mwa kanisa niliipokea. Narudisha marahaba kwa maandishi, kwa kuwa kwaya ilikuwa inapita kati yetu na sina hakika kama ulinisikia. Natumaini nyumbani hawajambo, na kwamba yule ng'ombe wako mwenye baka jeupe ameacha kupiga teke ndoo. Sisi huku ni wazima.

Nakuandikia kama Katibu wa Umoja wetu, na pia kama mtu aliyekufundisha fizikia kidato cha pili. Hilo la pili silitaji ili kukutisha, Eunike. Nalitaja kwa sababu barua hii ina vipimo, nami nakumbuka ulikuwa mwepesi wa kuelewa vipimo, ingawa ulikuwa na tabia ya kusahau kuandika vizio.

Wiki sita zilizopita, kwa idhini yako, fundi Anwar alipanda kutoka Moshi mjini, akafungua kompyuta ya ofisi, akatoa diski iliyokuwamo na kuweka nyingine. Tangu siku hiyo kompyuta inawaka kwa sekunde kumi na moja. Naomba, kwa heshima zote, kosa hili lirekebishwe.

Huenda barua hii ikasomwa mbele ya wajumbe, kwa hiyo nieleze kidogo. Diski ni ghala la kompyuta. Ile ya zamani ina sahani ndani yake, inazunguka mara elfu tano na mia nne kwa dakika, na juu yake kuna mkono mdogo unaokwenda huku na huku kutafuta kinachotakiwa. Ni kama karani wetu Loveness anavyotafuta kadi ya mwanachama ndani ya lile sanduku: anajua imo, lakini mpaka aifikie. Diski mpya, ambayo mafundi huiita SSD, haina kinachozunguka. Ni kama kadi zote zimetandazwa mezani zikitazama juu. Anwar alinieleza haya kwa adabu nzuri, nami nikamweleza tena kwa mpangilio bora zaidi. Alishukuru.

Swali langu ni moja. Kasi hiyo inamsaidia nini mtu wa kawaida mwenye kazi za kawaida? Nimelichunguza kwa wiki sita kwa saa yangu ya mkononi, na ifuatayo ni orodha ya madhara niliyoyaona.

1. Kazi haikuongezeka kasi hata kidogo.

Kuchapa muhtasari wa kikao kulinichukua dakika hamsini na tano kwa diski ya zamani. Kwa diski mpya kunanichukua dakika hamsini na tano. Sababu iko wazi: nachapa kwa vidole viwili, na kati ya herufi moja na nyingine diski haina la kufanya. Kompyuta ya zamani ilikuwa inanisubiri. Hii mpya inanisubiri vilevile, ila imewahi kufika mahali pa kusubiria. Kujumlisha lita za wiki ni kufumba na kufumbua kwa zote mbili. Tofauti niliyoipata ni katika kuwasha, kufungua faili, kutoa karatasi kwenye printa na kuzima. Kuwasha ndiko kulikokuwa kunachukua dakika ishirini na tatu. Kwa maneno mengine, Mwenyekiti, tumeharakisha sehemu pekee ya kazi ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaifanya.

2. Lawama zimekosa pa kukaa.

Kwa miaka mingi diski ya zamani ilibeba makosa ya ofisi nzima bila kunung'unika. Taarifa ikichelewa, wanachama walisema ni kompyuta. Barua ikikosa kujibiwa, walisema ni kompyuta. Hata siku ile kopo la maziwa lilipopinduka uani, mtu mmoja alisema yote ni kwa sababu ya ile kompyuta, na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Sasa taarifa ikichelewa, Loveness ananitazama mimi. Hasemi kitu, kwa sababu amelelewa vizuri, lakini ananitazama.

3. Sala imeharibika.

Hili unalifahamu maana ulikuwepo. Mwinjilisti Elifuraha, ambaye amestaafu lakini si katika kuomba, ndiye hufungua vikao vya bodi kwa sala. Kwa miaka yote tulikuwa tunawasha kompyuta, yeye anasimama, anaanza na wakulima wa mpunga kule Mabogini, anapanda taratibu na mlima, na akifika msituni kwa waongoza watalii na wapagazi, kompyuta nayo iko tayari. Kikao kilichopita kompyuta ilikuwa tayari kabla hajavuka barabara kuu. Alipofika kwa wagonjwa wa Hai, ikaona haiguswi na mtu, ikajifunga yenyewe, ikaanza kupiga kelele ya kuomba neno la siri. Mimi na Sifael, ambao ndio wenye neno hilo, tukalazimika kuliingiza huku tumefumba macho, kwa heshima, na tukalikosea mara tatu. Mwinjilisti akaongeza kipengele cha kuiombea mashine. Kikao kikachelewa kuliko wakati wa diski ya zamani. Kama hili si ushahidi, sijui ushahidi ni nini.

4. Suala la Sifael.

Madhara matatu ya kwanza ningeweza kuyavumilia. Hili la nne naomba ulisome ukiwa umekaa, na ikiwezekana kipande hiki usikisome mbele ya wajumbe.

Unajua kwamba mimi na Sifael, Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi, tulikuwa hatusemezani. Kihamba chake na changu, yaani mashamba yetu ya nyumbani, vinapakana kwa mstari wa mimea ya masale, na kutoka mlango wake hadi wangu ni hatua arobaini. Nimezihesabu mara nyingi bila kuzimaliza. Miaka mitatu iliyopita mkutano mkuu uliamua kwamba neno la siri la kompyuta ligawanywe vipande viwili: nusu nijue mimi, nusu ajue yeye. Hoja yao ilikuwa kwamba watu wawili wasiosemezana hawawezi kula njama. Kama mwalimu wa zamani niliiona hoja hiyo kuwa nzuri, na sikuwa na namna ya kuipinga bila kueleza mengine.

Hivyo kila Jumanne, siku ya kutuma lita za wiki kwa mnunuzi wetu mjini, tunaketi wawili mbele ya kompyuta. Baada ya dakika tisa inaomba neno la siri. Naingiza nusu yangu, nasimama, nageukia ukuta. Anaingiza nusu yake. Halafu inajikusanya kwa dakika kumi na nne nyingine. Mwaka wa kwanza tulitazama kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo, na hakuna aliyesema neno. Naweza kukichora kwa kumbukumbu.

Jumanne moja, miaka miwili iliyopita, Sifael akasema, "Bado inafikiri."

Nikajibu, "Iache ifikiri."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza baada ya miaka saba. Wiki iliyofuata tulizungumzia mvua. Baadaye tukaingia kwenye ng'ombe, kwanza wa watu wengine, kisha wetu. Miezi mitatu tulikaa kwenye ugonjwa wa migomba. Nilipata habari za binti yake Brenda, kwamba amehamia Arusha na ana mtoto wa pili, jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalijua isipokuwa mimi niliyemfundisha kusoma saa. Ukiyaandika mazungumzo yetu kwenye ramani, utaona kwamba tulianzia uani, tukapita zizini, tukavuka kahawa, na mwezi wa saba tulikuwa tumeingia shamba la chini. Ng'ambo ya shamba la chini unapita mfongo, ule mfereji wa wazee unaotuletea maji kwa zamu kutoka juu. Na mfongo ndiko nilikokuwa nakwenda.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu.

Ugomvi wetu ulianza hivi. Zamu yangu ya maji ni Alhamisi, ya Sifael ni Ijumaa. Miaka tisa iliyopita maji ya Alhamisi yalianza kunifikia nusu. Nikachukua ndoo na saa, nikapima kwa wiki nane, nikachora grafu. Grafu ilionyesha bila shaka yoyote kwamba maji yanapotea kati ya daraja la mawe na shamba langu, na kati ya daraja la mawe na shamba langu hakuna mtu mwingine ila Sifael. Nikaipeleka kwa wazee wa mfongo. Sifael alisema hajafungulia maji kabla ya zamu yake hata siku moja. Lakini yeye alikuja na mdomo, mimi nilikuja na grafu, tena ya rangi mbili. Wakamnyima zamu kiangazi kizima. Migomba yake ya chini ikakauka, akauza mtamba aliyekuwa anamlea kwa matumaini makubwa.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kwenye ukingo wa mfongo nikaona maji yanaingia ardhini. Nikapiga magoti. Lilikuwa tundu la fuko, Mwenyekiti, limepenya ukingo na kutokea korongoni. Maji yangu yalikuwa yanaibwa na mnyama ambaye hata macho ya kusomea grafu hana. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi vyote. Aliyekosewa ni mtu tu.

Nilinyanyuka, nikaendelea kukata majani, na sikumwambia mtu. Nimefundisha kwa miaka thelathini na nne. Nimeeleza kupatwa kwa jua kwa watoto waliokuwa na njaa, wakaelewa. Hili moja sikuweza kulieleza kwa mtu aliye hatua arobaini.

Najua utaniuliza kwa nini nisiende tu nyumbani kwake. Mtu wa miaka sabini na minne hawezi kwenda kwa mwenzake akiwa na jambo moja tu mkononi. Ningeweza kubeba jani la isale kama walivyofanya wazee wetu wakienda kuomba radhi. Lakini ukibebewa jani hilo huruhusiwi kukataa, na hapo ndipo penye tabu. Sitaki Sifael anisamehe kwa sababu jani limemlazimisha. Alishalazimishwa na karatasi yangu mara moja, inatosha. Kinachotakiwa ni mahali ambapo hakuna aliyemfuata mwenzake. Mahali hapo palikuwa kompyuta. Sisi hatukufuatana, tuliifuata yenyewe, nayo ilikuwa haijawa tayari.

Nilikadiria kwamba kutoka shamba la chini hadi mfongoni zimebaki Jumanne kumi na mbili. Nilikuwa nimeshapanga hata sentensi ya kwanza. Ndipo Anwar akaja. Jumanne iliyofuata nilikaa, nikakohoa, nikasema, "Sifael, yale maharage ya shamba la..." na kompyuta ikawa imewaka. Akaniambia niingize nusu yangu. Tukatuma lita, tukazima, akavaa kofia akaenda zake. Imekuwa hivyo wiki sita.

Fanya hesabu pamoja nami, na tafadhali andika vizio. Jumanne kumi na mbili za dakika ishirini na tatu ni dakika mia mbili sabini na sita, sawa na sekunde elfu kumi na sita, mia tano na sitini. Ukigawanya kwa sekunde kumi na moja za diski mpya, unapata Jumanne elfu moja, mia tano na tano. Hiyo ni miaka ishirini na tisa, bila kutoa sikukuu. Kwa diski ya polepole nitafika kwenye jambo langu kabla ya Krismasi. Kwa diski ya kasi nitafika nikiwa na miaka mia moja na mitatu, na Sifael mia moja na mmoja, iwapo wote wawili tutakuwa bado tunakumbuka nusu zetu.

Kutokana na hayo, naomba Bodi iamue yafuatayo:

(a) Diski ya zamani irudishwe. Anwar anasema ameiweka kabatini dukani kwake na haina tatizo isipokuwa umri, tatizo ambalo mimi na wewe hatuwezi kumfukuzia mtu kazi.

(b) Kama (a) haiwezekani, Anwar aifundishe diski mpya kusubiri. Nilimuuliza kwa simu kama kuna njia ya kuipunguza kasi. Akasema, "Mwalimu, miaka kumi na tano niko kwenye kazi hii, wewe ni wa kwanza." Naamini ni mtu wa kuweza akipewa muda.

(c) Kama (b) nayo haiwezekani, katiba ya Umoja irekebishwe ili kompyuta isichukuliwe kuwa imewaka, hata kama imewaka, mpaka dakika ishirini na tatu zipite na maofisa wote wawili waridhike.

(d) Bodi iwaandikie vyama jirani, kuanzia hapa hadi Rombo, kuwatahadharisha kwamba kabla ya kubadilisha diski wachunguze kwanza ni nani wanaketi mbele yake na wamefika wapi.

Nitashukuru nikipata majibu kabla ya Jumanne ijayo. Mwisho wa yote naomba unifikishie salamu: kwa baba watoto, kwa mama mkwe wako ambaye nasikia goti limepata nafuu, kwa wanakwaya wote pamoja na yule wa sauti ya nne aliyenikanyaga, na kwa mlinzi wa zahanati. Mwambie Anwar, akipita kwako, kwamba kazi yake ni safi na malalamiko haya hayamhusu kama fundi, yanamhusu kama mwanadamu.

Ni mimi mwalimu wako, na mtumishi wa Umoja,

Eliufoo
Katibu

Nyongeza kwa kalamu, saa mbili baadaye.

Ndugu Mwenyekiti, tafadhali usiitekeleze barua hii. Naomba nieleze kwa mpangilio.

Baada ya kumaliza kuchapa niliamuru printa itoe karatasi. Kwa diski ya zamani, kati ya kuamuru na karatasi kutoka, nilikuwa napata nafasi ya kutafuta bahasha, kuosha mikono na kumsalimia Loveness. Leo niligeuka kutafuta bahasha, na nilipogeuka tena kurasa zote zilikuwa zimetoka. Sifael alikuwa ameketi kando ya printa akingoja tuzime pamoja. Akazichukua akidhani ni orodha ya lita. Wakati naifikia meza, alikuwa ameshapachika miwani.

Sifael husoma kwa kufuatisha kidole, kwa hiyo nilikuwa najua kila wakati amefika wapi. Kwenye sala ya Mwinjilisti alitabasamu. Kidole kilipoingia namba nne, mimi nikageukia ukuta, kwa mazoea, nikakaa hivyo. Nilisikia karatasi ya tatu inafunuliwa. 

Kisha akasema, "Fuko nilimwona mwaka uleule wa ugomvi, Mwalimu."

Nikamuuliza, nikiwa bado nautazama ukuta, kwa nini basi hakwenda kuwaeleza wazee wa mfongo.

"Na wewe umeshika karatasi ya rangi mbili, nani angenisikiliza?" Akavua miwani. "Nilikuwa nangoja uje uniambie wewe. Ulikuwa unaeleza watu kila kitu."

Nikageuka. Nilimwambia kwamba tundu nililiona mara moja tu, kwamba nilipolirudia mwaka uliofuata halikuwepo, na nikamweleza jinsi udongo wa volkano unavyojishindilia wenyewe kwa unyevu. Aliniacha nimalize maelezo yote.

Ndipo akasema, "Nani ulidhani analiziba kila masika?"

Nilimwambia nilichokuwa nimepaswa kumwambia. Ile sentensi ya kwanza niliyoipanga sikuitumia, haikufaa. Ilichukua muda gani sijui, maana sikutazama saa. Yeye naye alinijibu, na majibu yake hayahusu Bodi.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, kwa kuwa diski ya polepole ilikuwa na miaka mitatu na haikunifikisha, na ya kasi imenifikisha kabla sijapata bahasha, sina tena hoja ya kitaalamu. Diski ibaki ilipo. Barua naituma kwa sababu tu imekwisha kuingizwa kwenye daftari la kumbukumbu, na kanuni zetu haziruhusu namba kuachwa wazi. Naomba uijibu rasmi kwamba ombi limekataliwa, ili faili lifungwe.

Majibu hayo ya kukataa uyaandike kwetu sote wawili, bahasha moja inatosha. Uipeleke nyumba yoyote kati ya hizi mbili.

E.